Paa Halisukumwi, Hunyanyuliwa

Chukua bati moja la geji 30, la urefu wa mita 3, ulibebe kichwani. Ni kilo 7 hivi. Mtoto wa darasa la sita analifikisha nyumbani bila kupumzika njiani. Sasa lipigilie juu ya paa, ungoje upepo wa kilomita 100 kwa saa, ule unaotangulia mvua ya radi. Bati lilelile litavutwa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 110 na zaidi. Uzito wake hauna la kusema hapo. Kinacholibakiza mahali pake ni msumari. Msumari umeshikwa na papi, papi imeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ukuta. Pete moja ya mnyororo huo ikikosekana, paa zima linahamia kwenye migomba ya jirani.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu majina. Hapa Uganda, fundi wa Busia atasema pulini, wa Mutukula huenda akasema papi. Wote wanazungumzia mbao zinazolala juu ya kenchi na kubeba mabati. Kenchi ni fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa. Wolpleti ni ile mbao inayolala juu ya ukuta, ambayo kenchi huikalia. Mkanda ni zege lenye nondo linaloizunguka nyumba yote juu ya madirisha au juu kabisa ya ukuta. Hapa tutatumia papi, kenchi, wolpleti na mkanda.

Dhoruba ikipita, wengi husema mabati yalikuwa mepesi, kisha wanakwenda hadiwea kununua geji 28 badala ya 30. Hiyo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, na tofauti ya uzito ni kama kilo moja tu kwa mita ya mraba. Bati nene linadumu zaidi na halichaniki kirahisi kwenye tundu la msumari, kwa hiyo si pesa iliyotupwa, lakini halitashikilia nyumba ambayo haikufungwa. Ukitaka kujua kilichokosekana, nenda ukalitazame paa lilipoangukia. Mara nyingi utakuta mabati yote yamo, papi zimo, kenchi zimo, hata wolpleti imo, na chini ya wolpleti yamening'inia matofali mawili matatu. Misumari ya mabati ilifanya kazi yake. Aliyekosea ni yule aliyeiweka wolpleti juu ya ukuta akaipigilia kwa misumari michache kwenye tofali, au akaiacha ikae kwa uzito wake.

Vimbunga vya bahari havifiki Uganda. Tuko juu ya ikweta, na mzunguko wa dunia hapa hauna nguvu ya kuusokota upepo ukawa kimbunga kikubwa. Kinachobomoa nyumba zetu ni upepo wa mawingu ya radi. Wingu likianza kumwaga mvua au mvua ya mawe, hewa baridi huporomoka nayo kutoka juu, ikifika chini inatapakaa pande zote kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ndiyo ile baridi ya ghafla unayoisikia dakika chache kabla ya matone ya kwanza, vumbi likipanda na milango ikijibamiza. Upepo huo huvuma kwa dakika kumi au ishirini tu, na huweza kuja kutoka upande wowote, kwa kuwa unategemea wingu liko wapi. Kwa hiyo anayesema "huku kwetu upepo hutoka ziwani, nimefunga upande huo" amefunga nusu nyumba.

Misimu inajulikana. Kusini na katikati ya nchi ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au Desemba. Kaskazini, kuanzia Gulu na Lira hadi Karamoja, mvua huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba, huku ikipungua kidogo katikati. Dhoruba za mwanzo wa msimu ndizo za kuogopwa, maana zinalikuta paa likiwa na kasoro za miezi ya jua: mbao zimekauka na kujikunyata, misumari imelegea. UNMA, mamlaka ya hali ya hewa, hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Utabiri huo hauwezi kukwambia upepo utapiga kijiji gani. Unakupa tarehe ya kumaliza matengenezo, basi.

Mahali nyumba ilipo hubadilisha hesabu kabisa. Juu ya kilima, upepo unaopanda mteremko hubanwa na kuongeza kasi kileleni. Wa Kapchorwa, Kabale na wenye viwanja juu ya vilima vya Kampala wanalijua hilo. Mwanya kati ya vilima viwili ni mbaya vilevile, na ufuko wa Ziwa Victoria au visiwa vya Ssese hauna cha kuupunguza upepo kabla haujafika ukutani. Kwenye sehemu kama hizo, kila kipimo cha chini kitakachotajwa hapa kiongeze.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa, gawa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawa kwa 16. Unachopata ni kilo kwa kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unatoa kilo 17 hivi. Wa 100 unatoa kilo 48. Wa 120 unatoa kilo 69. Angalia: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Na hizo ni namba za msingi. Kwenye pembe za paa, kwenye kingo na karibu na mgongo wake, mvuto unaweza kufika mara mbili ya hapo, kwa sababu upepo unapokatwa na ukingo unajikunja na kufyonza.

Sasa tuchukue nyumba ya kawaida, upana mita 6, urefu mita 9, paa la migongo miwili (yaani miteremko miwili), ukingo ukitoka nje sentimita 45 kila upande. Eneo ambalo paa linafunika ni mita za mraba 68 hivi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilivuta kwa juu, na dirisha moja likiwa limefunguka upepo ukaingia na kusukuma kwa ndani, unapata zaidi ya tani 3 zinazotaka kuondoka. Paa lenyewe, mabati na mbao pamoja, halifiki tani moja. Tani mbili na zaidi zinazobaki lazima zishikwe na kitu, na kitu hicho ni uzito wa ukuta. Hakuna kingine.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Weka kenchi 9 katika nyumba hiyo, zikiachana mita 1.1 hivi. Kila mwisho wa kenchi utavutwa kwa kilo 185 au 190; toa uzito wa paa lililoko hapo, inabaki kama kilo 140. Ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa sentimita 23 una uzito wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Ukizamisha utepe wa chuma kozi (safu za matofali) chache tu, tuseme sentimita 25 chini ya wolpleti, umeushika ukuta wenye uzito wa kilo 116 kwa kila kenchi. Kilo 140 dhidi ya 116: paa linaondoka na matofali yake, kama tulivyoyaona kule kwenye migomba. Uzamishe sentimita 60, umeshika kilo 280. Hapo hata upepo wa kilomita 120 kwa saa, unaovuta kama kilo 225 baada ya kutoa uzito wa paa, hauung'oi. Tofauti ya kulala ndani na kulala chini ya mti ni sentimita 35 za utepe.

Ukuta wa tofali moja jembamba, wa sentimita 11 au 12, una nusu ya uzito huo. Huko utepe ushuke mita 1 hadi 1.2. Na usitegemee mshiko wa udongo. Matofali mengi vijijini hujengwa kwa udongo badala ya saruji, na udongo ukivutwa kwenda juu hauna nguvu yoyote. Kinachohesabika ni uzito mtupu. Kwa udongo, sentimita 90 ndizo zinazoleta usingizi.

Utepe wenyewe ni ule wa chuma bapa unaouzwa kwa mzunguko, upana wa milimita 20 hadi 25 na unene wa karibu milimita 1. Chagua uliopakwa zinki. Wakati wa kujenga, ukifika sentimita 60 chini ya kimo cha mwisho cha ukuta, laza utepe ukatize unene wa ukuta chini ya kozi, ncha zote mbili zikitokeza, moja ndani na moja nje. Endelea kujenga. Baadaye ncha hizo zinapandishwa kila upande wa ukuta, zinaipita wolpleti, zinafika kwenye mbao ya kenchi na kukunjwa juu yake. Kila ncha ipigwe misumari 4 ya inchi 1 na nusu, ubavuni mwa mbao badala ya juu yake, ili upepo ukivuta uikate misumari kwa upana na usiichomoe. Kipande kimoja kinahitaji mita 2. Kenchi 9 zina miisho 18, kwa hiyo mita 36, nunua 40. Misumari 150 itatosha. Plasta itafunika kila kitu na hakuna atakayejua kwamba upo. Lakini weka alama kabla ya kujenga juu yake: kenchi zitakaa wapi? Fundi akizamisha tepe bila kupima, siku ya kuezeka zinakutwa ziko katikati ya kenchi mbili, naye anazikata kwa koleo ili zisimsumbue. Hilo hutokea kuliko unavyodhani.

Mwenye uwezo wa mkanda wa zege juu ya ukuta aweke, na hapo kazi inakuwa bora zaidi. Sentimita 20 kwa 20, nondo 4 za milimita 10 au 12, pete za milimita 6 au 8 kila sentimita 20, zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kabla zege halijakauka, chomeka boliti za milimita 12 zilizopindwa chini, kila mita 1.2 na moja karibu na kila kona, za kukazia wolpleti. Kosa la kawaida ni kumwaga mkanda, kuulainisha juu, halafu kesho yake kuanza kutafuta namna ya kuishika wolpleti kwa misumari ya zege. Msumari wa zege uliopigwa wima ni kipini tu. Kosa la pili ni kuifunga wolpleti kwa boliti nzuri, kisha kenchi ikapigiliwa kwenye wolpleti kwa misumari miwili ya inchi 4 peke yake. Mnyororo umekatika pete inayofuata. Kenchi nayo ifungwe kwa utepe.

Mbao. Mkaratusi mbichi ni rahisi kuupata na rahisi kuupigilia, na ndipo mtego ulipo: msumari uliopigwa kwenye mbao mbichi hupoteza sehemu kubwa ya mshiko mbao inapokauka. Usiezeke kwa mbao iliyotoka msumenoni wiki iliyopita. Ipange kivulini, ikitenganishwa kwa vijiti, kwa wiki kadhaa kabla. Mkaratusi mkavu hupasuka ukipigiliwa karibu na ncha, kwa hiyo toboa kwanza kwa drili, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari. Mchwa ni hadithi yake yenyewe. Yatosha kusema kwamba wolpleti iliyoliwa haishiki boliti yoyote, na oili chafu ya gari ambayo wengi hupaka husaidia kwa muda tu.

Papi zifungwe kwenye kenchi kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyolazwa mshazari, mmoja kila upande, halafu juu yake waya au kipande cha utepe. Fundi atakwambia misumari inatosha. Inatosha kubeba bati lisianguke, na haitoshi kulizuia lisiruke. Kwa geji 30, papi ziachane sentimita 75 hadi 90; kwa geji 32, nyembamba sana, sentimita 60. Kwenye mita ya mwisho kila upande, ukingoni na karibu na mgongo wa paa, nafasi hiyo ipunguzwe nusu, maana huko ndiko mvuto unakozidi.

Kenchi zote zikisimama wima na kuunganishwa kwa papi tu, zinaweza kulala upande mmoja kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi. Weka mbao za mshazari kutoka chini ya kenchi ya kwanza hadi juu ya kenchi ya tatu, kila mwisho wa nyumba, pande zote mbili za paa. Ni mbao nne. Watu huziruka kwa sababu hazionekani zinafanya nini mpaka siku zinapohitajika.

Misumari ya mabati iwe ile ya kofia pana, iliyopakwa zinki, yenye washa ya mpira, shina likiwa limesokotwa. La laini huchomoka. Inchi 2 na nusu ndiyo saizi, kwa kuwa karibu sentimita 2 zinaliwa na kimo cha wimbi la bati kabla hujafika kwenye mbao. Piga kwenye mgongo wa wimbi, kamwe usipige bondeni ambako maji hupita. Katikati ya paa, mgongo mmoja kwa kila mitatu unatosha. Papi ya ukingoni, ya mgongo wa paa na mita ya mwisho kila upande, piga mgongo mmoja kwa kila miwili, na kofia ya paa vivyo hivyo. Usiugonge mpaka bati libonyee. Wimbi lililobonyea linapasuka kuzunguka msumari, na upepo ukilitikisa mara elfu moja tundu linakuwa kubwa kuliko kofia. Ukiweza, tumia skrubu zenye washa ya mpira badala ya misumari, angalau kingoni. Ni ghali zaidi, ila hazichomoki kadiri mbao inavyokauka.

Kuna umbo la paa pia. La migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili, kwa sababu halina ukuta wa pembetatu unaosimama peke yake na kila upande wake una mteremko wa kuupitisha upepo. Mteremko wa nyuzi 20 hadi 30 ni mzuri. Katika nyumba yetu ya mita 6, mgongo ukiwa mita 1.5 juu ya wolpleti umepata nyuzi 27. Paa bapa, ambalo siku hizi linapendwa mijini likifichwa nyuma ya kuta, ndilo linalovutwa zaidi. Anayelitaka alifunge mara mbili.

Ukuta wa pembetatu unahitaji jicho lake. Ni mrefu, hauna kinachouegemeza, na mara nyingi umejengwa kwa udongo mwishoni mwa kazi pesa zilipopungua. Upepo ukiusukuma ndani unaangukia vitanda. Ukiuvuta nje unaangukia ua. Jenga nguzo ya tofali katikati yake, na papi zipite juu yake zikiwa zimefungwa kwa utepe uliozamishwa ukutani. Ukuta wowote unaozidi mita 4 bila ukuta wa kukatiza au nguzo unahitaji mojawapo.

Baraza ni mlango wa wizi. Paa la baraza liko wazi chini, kwa hiyo upepo unalisukuma kutoka chini na kulivuta kutoka juu kwa wakati mmoja. Likiwa limeungana na paa kubwa, bati moja kwa moja kutoka mgongoni hadi kwenye nguzo za baraza, likinyanyuka linafungua paa zima kama kopo la samaki. Litenganishe: liwe na papi na mabati yake, lianzie chini ya ukingo wa paa kubwa, ili likienda liende peke yake. Nguzo zake nazo zisisimame juu ya sakafu kwa msumari mmoja. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 60, mimina zege, zamisha utepe au nondo itakayoishika nguzo. Zege hilo lina uzito wa kilo 230, na hapo nguzo ina kitu cha kung'ang'ania.

Kuhusu madirisha na milango, kuna imani kwamba dhoruba ikija ufungue dirisha ili "upepo upite". Ukifanya hivyo umemkaribisha ndani mgeni atakayelisukuma paa kwa chini. Funga kila kitu, hasa upande unaopigwa. Shata za mbao ziwe na komeo la mbao linalokatiza mbao zote mbili, kuliko kijibolti kimoja cha katikati. Mlango wa mbele uwe na bolti juu na chini. Ndiyo sababu makanisa na madarasa hupoteza mapaa mara nyingi: ukumbi mrefu usio na kuta za kukatiza, madirisha mengi yasiyo na shata, na upenu mkubwa. Kamati ya shule yenye pesa za kazi moja tu ianze na tepe, ifuate shata, dari isubiri.

Nyumba iliyokwisha jengwa haijapotea. Kazi inafanyika kutoka nje na ndani, na paa halitolewi. Chini ya kila kenchi, sentimita 75 kutoka wolpleti, toa tofali moja kwa tindo. Laza ndani kipande cha nondo cha sentimita 20 kikifuata urefu wa ukuta, zungushia waya wa zinki wa milimita 4, ncha moja itoke ndani na moja nje, kisha jaza tundu kwa zege. Acha siku 7 bila kugusa. Halafu pandisha ncha mbili, zikutane juu ya mbao ya kenchi, zisokote kwa koleo mpaka waya uimbe ukiugonga, bila kuzidisha ukakata. Waya wa unene huo unabeba zaidi ya kilo 400 kabla haujakatika. Usitoe matofali yote siku moja. Ruka moja, rudi kesho. Waya mweusi wa kufungia nondo unaweza kutumika ukikosa mwingine, lakini mmoja hubeba kilo 70 hivi, kwa hiyo zungusha mara 4, na ujue utaliwa na kutu baada ya miaka michache.

Nyumba ya fito na udongo, ambayo wenye matofali huidharau, ina faida moja: nguzo zake zinatoka ardhini hadi kwenye paa. Funga kila kenchi kwenye nguzo kwa waya, na nguzo iwe imezama sentimita 60 ikiwa na kipande cha mbao kilichopigiliwa mkabala mwishoni mwake ili isichomoke. Mnyororo umekamilika kirahisi kuliko wa tofali. Na zile nyumba za duara za nyasi za Acholi na Teso hazikuwa za kijinga: umbo la duara linauteleza upepo, nyasi zinapitisha hewa, na zina uzito mara nyingi kuliko bati. Tatizo huja mtu anapotoa nyasi na kuweka mabati juu ya ukuta uleule bila kufunga chochote. Ameondoa uzito uliokuwa ukifanya kazi ya utepe.

Vipi mawe juu ya mabati? Jiwe la kilo 10 kila mita ya mraba dhidi ya kilo 48 halifui dafu, na likidondoka lina kichwa cha kupasua. Kwa dharura, mifuko ya mchanga iliyofungwa miwili miwili kwa kamba, ikaning'inizwa kila upande wa mgongo wa paa, ni salama zaidi. Ni ya wiki mbili hadi fundi afike, isigeuke desturi.

Tangi la maji la lita 1,000 juu ya mnara wake, likiwa tupu, halina uzito wa maana na lina tumbo la kupokea upepo. Lifunge kwa kamba za chuma mbili zinazokatizana, na usiache maji yashuke chini ya theluthi. Paneli za sola zishikwe kwenye kenchi badala ya bati, zisikaribie ukingo wa paa, na zisiinuke zaidi ya sentimita 15.

Miti ni rafiki mwenye masharti. Uzio wa miti unaopitisha hewa nusu hupunguza upepo vizuri kuliko ukuta mzima, ambao huurusha juu na kuuangusha kwa kishindo nyuma yake. Mgrivea na musambya zinafaa. Zipande mbali na nyumba kwa umbali unaozidi kimo zitakachofikia, ili ukianguka mmoja usifike. Mkaratusi karibu na nyumba ni deni linalosubiri siku ya kulipwa, na matawi ya mparachichi mzee hukatika bila hata dhoruba kubwa. Migomba haizuii mengi, ila ikianguka haivunji kitu.

Ukaguzi ufanywe Februari na Agosti; kaskazini, Machi. Panda asubuhi kukiwa kukavu, kanyaga kwenye mistari ya misumari ambako kuna papi chini. Msumari ulioinuka usiurudishe kwa nyundo kwenye tundu lilelile, kwa kuwa mbao hapo imekwisha pasuka. Utoe, ziba tundu, piga mwingine sentimita chache kando. Kwenye dari, tumia tochi na bisibisi: chomeka bisibisi kwenye wolpleti kila mita, ikizama kirahisi mchwa wamefika. Angalia utepe pale unapoingia ukutani, ndipo kutu huanzia, paka lami.

Dhoruba ikikuta umechelewa, kitu cha kwanza baada yake ni waya za umeme. Waya ulioangukia bati unalifanya paa zima kuwa na umeme, pamoja na mchirizi na tangi lililounganishwa nao. Usiguse, piga simu kwa msambazaji, ambaye tangu Aprili 2025 ni UEDCL. Pili, tazama kuta: ukuta uliobaki bila paa unaweza kuanguka usiku mvua ikiulowesha, kwa hiyo uegemeze kwa nguzo kabla ya kurudi ndani kuchukua godoro. Mabati yaliyokunjika kwenye mstari mmoja yanaweza kunyooshwa na kurudi katikati ya paa, matundu ya zamani yakizibwa na mapya yakipigwa kando. Yaliyochanika kuzunguka misumari hayarudi kwenye nyumba ya kulala. Yatafaa jiko la nje au banda la kuku, na banda hilo nalo lifungwe kwa waya, maana bati lake likiruka litatua kwenye paa lako jipya.